Kumpaka dawa mtoto mwenye pumu ya ngozi unayemlea nyumbani kwako
Uingereza, wewe mlezi wa kulipwa unahitaji idhini ya maandishi ya mzazi kwa kila dawa.

Nawa mikono. Mafuta ya kulainisha ngozi yaliyo kwenye kopo yachote kwa kijiko safi. Vidole huingiza vijidudu. Paka kufuata vinyweleo vilivyolala, bila kusugua, maana kusugua huleta vipele. Subiri dakika 30 ndipo upake steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), la sivyo mafuta huizimua na kuisambaza kwenye ngozi isiyoihitaji. Mstari wa krimu ya steroidi kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza, takriban gramu 0.5, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole.

Andika papo hapo: jina, dawa, sehemu, kiasi, saa, saini. “Nimepaka asubuhi” haitoshi. Mama ataipaka tena mapema mno. Mwonyeshe siku hiyohiyo. Ukiona majimaji au maganda ya njano, mpigie simu mara moja.