Kuweka HTTPS kwa Nginx na Certbot, na rekodi moja iliyonila usiku

Dogo mmoja anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Juzi kanijia na laptopu: "Kaka, mteja wa Kahama kaniambia tovuti yangu ya kitapeli." Kumbe kivinjari kilimwandikia si salama, na aliyeitengeneza anataka hela ndefu ya "kununua cheti". Cheti ndicho kinachoipa tovuti HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa, na Let's Encrypt wanatoa vyeti bure tangu 2015. Hapa Nginx ndiyo programu inayohudumia tovuti, na Certbot ndiyo inayoomba cheti. Pale nilipoandika DOMENI, weka jina la tovuti yako.

1. Seva yangu ni Debian:

`sudo apt install nginx certbot python3-certbot-nginx`

Watunzi wa Certbot wanapendekeza snap, njia nyingine ya kusakinisha programu. Mimi siitaki, ya apt haijawahi kuniangusha.

2. Kwenye `server_name`, ndani ya faili la mipangilio ya Nginx, andika jina lenye www na lisilo nayo. Kisha `sudo nginx -t` kukagua makosa, halafu `sudo systemctl reload nginx`.

3. Kagua DNS, yaani rekodi zinazoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya seva: A ni ya IPv4, AAAA ni ya IPv6. Usiruke hapa. Rekodi ya A ilikuwa sahihi, tovuti kwenye simu inafunguka vizuri, ila Certbot anagoma: 404, yaani ukurasa haupatikani. Nikabadilisha ruhusa za folda, nikazima na kuwasha Nginx mpaka bando likakata. Saa nane usiku ndipo nikaandika:

`dig +short AAAA DOMENI`

Ikatoka anwani ya IPv6 ya seva ya zamani, iliyoachwa hapo tangu tovuti ihamishwe. Simu yangu inapita IPv4, kwa hiyo mimi naona seva mpya. Let's Encrypt wakikuta AAAA wanaanza na IPv6, na wakijibiwa chochote, hata hiyo 404, hawajaribu tena IPv4. Ndiyo maana nilikuwa nahangaika na seva isiyo na kosa.

Futa rekodi hiyo, na ukague ya www pia. Lakini kama seva yako mpya ina IPv6, usifute: sahihisha anwani, na Nginx iwe na `listen [::]:80;` ili ipokee IPv6. Kisha subiri TTL iishe, yaani sekunde ambazo rekodi ya zamani inaweza kukumbukwa. Ikiwa 3600 ni saa nzima, kanywe chai. Ukilazimisha, majaribio matano yaliyofeli ndani ya saa moja yanakufungia jina hilo kwa muda. Jaribu hivi kwanza, `--dry-run` ni jaribio tu lisilotoa cheti:

`sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d DOMENI -d www.DOMENI`

Hilo `certonly` ni lazima, bila hilo `--dry-run` inakataliwa. Na mlango namba 80 (wa HTTP) uache wazi, hata kama unachotaka ni 443 (wa HTTPS).

4. Jaribio likipita:

`sudo certbot --nginx -d DOMENI -d www.DOMENI`

5. Cheti kinadumu siku 90 na Certbot anakihuisha mwenyewe. Hakikisha kwa `sudo certbot renew --dry-run`. Dogo alinilipa debe la dagaa.