Kuchagua Zana za Kujenga na Kuchapisha Nyaraka za Mradi Huria

Mradi huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ukiwa na watumiaji wachache unaweza kujitosheleza kwa faili moja ya README, ile ya maelezo mafupi inayokaa pamoja na msimbo. Tovuti ya nyaraka huhitajika maswali yanapoanza kujirudia: msanidi wa duka la mtandaoni wa Ngong Road anauliza namna ya kusajili anwani ya kupokea majibu ya M-Pesa, kisha mwingine wa Kasarani anauliza lilo hilo. Mwongozo huu unachukua mfano wa mradi wa namna hiyo, yaani maktaba ndogo ya Python inayounganisha maduka na Daraja, mfumo wa Safaricom wa wasanidi programu, na inayotunzwa na watu wachache wa Nairobi baada ya saa zao za kazi.

Wengi huchagua zana kwa kuvutiwa na ukurasa wa mbele wa mradi mwingine, na mara nyingi huo ndio mwanzo wa taabu. Swali la kutangulia ni nani atakayesahihisha kurasa hizi mwaka ujao, na atalazimika kufanya nini kabla ya kusahihisha sentensi moja. Mchangiaji akitakiwa kusakinisha mamia ya vifurushi vya Node.js (mfumo wa kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) kwa bando alilonunua mwenyewe, ataiacha sentensi kama alivyoikuta.

Zana zinazofaa karibu zote hufanya kazi kwa namna moja: husoma faili za maandishi zilizohifadhiwa pamoja na msimbo, kisha huzigeuza kuwa kurasa za HTML zisizohitaji hifadhidata wala seva yenye nguvu. Docusaurus, iliyotoka Facebook mwaka 2017, inafaa timu ambayo tayari inaandika React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa. Timu isiyoijua itajitwisha mzigo wa bure. Hugo ni faili moja ya kuendeshwa, ina kasi kubwa, na ndiyo inayojenga tovuti ya Kubernetes, ingawa violezo vyake huwachosha wageni. Jekyll bado ipo na inafanya kazi, lakini mradi wa Python hauna sababu ya kuleta Ruby, lugha ya programu ambayo Jekyll imeandikwa kwayo, kwa ajili ya nyaraka peke yake.

Kwa mradi wetu wa mfano, ushindani wa kweli uko kati ya MkDocs na Sphinx. MkDocs hutumia Markdown, namna ya kuandika vichwa, orodha na viungo kwa alama rahisi, ambayo wachangiaji wengi wanaijua tayari, na mipangilio yake yote imo katika faili moja iitwayo `mkdocs.yml`. Ukiandika `mkdocs serve`, tovuti hufunguka kwenye kompyuta yako katika anwani 127.0.0.1:8000 na hujisasisha kila unapohifadhi faili. Sphinx, iliyotolewa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python yenyewe, ina mambo mengi zaidi ya kujifunza, lakini inaizidi MkDocs katika jambo ambalo kwetu si dogo, nalo ni tafsiri.

Ikiwa mnakusudia kuwa na nyaraka za Kiingereza na Kiswahili, amueni sasa. Sphinx hutoa kila aya na kuiweka katika faili za gettext, mfumo wa tafsiri unaoweka maandishi ya asili na tafsiri yake pamoja, hivyo aya ya Kiingereza inapobadilika, mfasiri huona mara moja ni tafsiri ipi imepitwa na wakati. Katika MkDocs tafsiri hutegemea programu-jalizi na faili sambamba za lugha mbili, na baada ya miezi kadhaa hakuna anayejua kama ukurasa wa Kiswahili bado unaeleza toleo lililopo. Kwa maoni yangu, timu yenye mfasiri wa kudumu ichague Sphinx na kuiongezea MyST, nyongeza ambayo inaiwezesha kusoma Markdown. Isiyo naye ichague MkDocs na iandike lugha moja vizuri.

Kwa vyovyote vile, andikeni Markdown ya kawaida na mjiepushe na alama za pekee za zana moja. Mwaka 2025 waundaji wa Material for MkDocs, mandhari (mwonekano wa tovuti ulio tayari) inayotumiwa sana, walitangaza kwamba nguvu zao wanazielekeza kwenye zana mpya, Zensical. Maandishi yasiyofungwa na mandhari huhama kwa urahisi.

Baada ya hapo, ipimeni tovuti kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao hafifu. Material hupakua fonti kutoka Google. Kuandika `font: false` chini ya `theme` katika `mkdocs.yml` huifanya itumie fonti zilizomo kwenye simu. Jaribuni pia utafutaji. Programu nyingi za utafutaji hulinganisha mwanzo wa neno na kukata viambishi vya mwisho, ilhali kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele, kwa hiyo anayetafuta "kulipa" huenda asifikie sehemu iliyoandikwa "amelipa". Vichwa vyenye nomino, kama vile "Malipo yaliyokataliwa", hupatikana kwa urahisi zaidi.

Kuhusu kuchapisha, GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuweka tovuti mtandaoni, haina malipo kwa hazina za msimbo zilizo wazi. Ukomo wake wa GB 1 kwa tovuti ni mkubwa kuliko mahitaji ya nyaraka za kawaida. Amri `mkdocs gh-deploy` hujenga kurasa na kuzituma kwenye tawi la `gh-pages`, yaani nakala ya hazina iliyotengwa kwa ajili ya tovuti. Kabla ya kutuma, endesheni `mkdocs build --strict`, ambayo husimamisha ujenzi inapokuta kiungo cha ndani kilichovunjika, na ni bora kazi hiyo ifanywe na mashine kila mchango mpya unapoletwa. Read the Docs, huduma nyingine ya kuchapisha nyaraka iliyoanza mwaka 2010, huhudumia miradi huria bila malipo kwa kuonyesha matangazo, nayo ina faida mbili: huhifadhi nyaraka za kila toleo, na kwa miradi ya Sphinx huweza kutoa PDF ambayo msomaji ataipakua penye Wi-Fi na kuisoma bila bando. Duka ambalo bado linatumia toleo la kwanza la maktaba yenu linahitaji nyaraka za toleo hilo, kwa hiyo matangazo hayo ni gharama inayovumilika.

Kikoa cha `.co.ke` au `.or.ke` hununuliwa kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, msimamizi wa majina ya `.ke`, na si lazima kwa mwanzo. Mkikinunua, kisajilini kwa baruapepe ya timu ili mtu mmoja akiondoka asiondoke na nywila, na katika GitHub Pages hakikisheni faili ya `CNAME`, inayotaja kikoa chenu, imo ndani ya folda ya `docs`, kwa kuwa `gh-deploy` huandika upya tawi zima na kuifuta faili iliyowekwa mahali pengine.