Kupiga praima kwenye modeli ndogo, kwa baridi ya Mbeya

Kichwa cha Scania kilichoko mezani kwangu ni cha kipimo cha 1/24, seti ya plastiki ya Italeri. Tela nimeliunda mwenyewe kwa mabaki ya PVC niliyopewa na fundi aliyekuwa akipiga dari kwa jirani. Baba aliendesha lori la namna hiyo miaka mingi, Dar hadi Tunduma na kurudi, na ninachokitafuta kwenye modeli hii ni ule weupe wa kabini akishaiosha pale Uyole kabla ya kuingia nyumbani. Nimeipaka rangi mara tatu, na kila mara naihesabu kama kabini nyingine. Mara mbili za kwanza nilibandua kila kitu nikaanza upya, na mara zote mbili rangi yenyewe haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa chini yake, kwenye praima, ile rangi ya msingi inayotangulia ili rangi yenyewe ishike.

Aliyenifundisha ni mjomba, fundi rangi wa magari pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Alipoishika ile kabini ya kwanza aliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Mwipwa, hapa hukupiga msasa, na hapa ulipuliza karibu mno." Sikuwa nimemweleza chochote. Aliyasoma yote juu ya rangi iliyokwisha kukauka.

Kazi yake na yangu zinatofautiana kwenye unene. Praima ikikaa kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye mlango wa gari halisi, hakuna atakayeiona. Kwenye modeli ya 1/24 unene huohuo ni sawa na milimita 2.4 kwenye lori la kweli. Mistari ya milango inajaa, bawaba zinapotea, na nembo ya mbele inakuwa kama imemwagiwa uji. Kwa hiyo tafuta praima nyembamba, kisha uipige nyembamba.

Praima ipi

Zilizotengenezwa mahususi kwa modeli nazipenda mbili, zote za Japani na zote za jamii ya laka, yaani rangi ya thina kali inayokauka haraka: Tamiya Fine Surface Primer, na Mr. Surfacer ya kampuni ya GSI Creos. Hii ya pili ina namba, na namba zake zinasomwa kama za msasa: kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa laini. Ile ya 500 ni nzito, inaziba mikwaruzo mirefu. 1000 ni ya kazi za kawaida. 1500 ndiyo ya kuweka chini ya rangi inayong'aa. Laka hula kidogo uso wa plastiki, ndiyo maana inashika sana, na ikikauka inakubali msasa vizuri, inatoka vumbi kavu. Shida ni kuipata. Makopo ya kupuliza hayapandi ndege kirahisi kwa sababu ni bidhaa ya hatari, kwa hiyo ukiagiza utasubiri sana.

Zipo za maji, kama Vallejo Surface Primer. Hazina harufu kali, na kwa anayefanyia kazi chumba kimoja na watoto wake ningemshauri aanzie hapo. Zipe siku nzima au mbili zikauke. Ila ukizipiga msasa mapema zinavutika na kuchunika kama ganda la kiazi cha kuchemsha, kwa hiyo uso uwe umenyooka kabisa kabla hujazipiga.

Mimi mara nyingi natumia praima ya kijivu ya magari, ya akriliki, kopo la kupuliza la mililita 400, ile inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Inatosha modeli kadhaa. Kabla ya kuipeleka kwenye kabini, ijaribu kwenye ile fremu ya plastiki iliyokuwa imeshikilia vipande vya seti. Puliza kidogo, subiri nusu saa, kisha pitisha ukucha. Plastiki ikiwa imelainika, au uso umepasukapasuka kama tope la mbuga wakati wa kiangazi, thina iliyomo ni kali mno. Achana na kopo hilo. Na hata kopo zuri litakula plastiki ukilipiga kwa wingi mara moja.

Mbili usizinunue kwa kazi hii. Ya kwanza ni ile praima nyekundu ya mageti: ni nzito, inachukua muda mrefu kukauka, na inafunika kila alama. Ya pili ni praima ya gereji inayochanganywa na hadina, dawa ya kuifanya iwe ngumu. Inatoa uso mzuri ajabu, lakini nyingi ya hizo hadina zina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu, na mtu huweza kuishia na pumu ya kudumu. Hiyo mwachie fundi mwenye vifaa vyake.

Kuhusu rangi ya praima: kijivu ndicho kinachoonyesha kasoro kuliko vyote. Nyeupe iwe chini ya njano, nyekundu na machungwa, maana rangi hizo hazifuniki vizuri. Nyeusi iwe chini ya fedha. Kwa Scania yangu nilianza na kijivu kutafuta makosa, nikamalizia na mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwembamba wa praima nyeupe.

Mafuta ya mgando

Hili lilinigharimu kabini ya kwanza. Juni na Julai huku kwetu hakuna anayetoka nyumbani bila kujipaka mafuta, ngozi inapasuka. Mafuta hayo yanahamia kwenye plastiki kila unapoishika, na praima haikai juu ya mafuta. Inajitenga na kuacha viduara vidogo vilivyo wazi katikati, mfano wa jicho la samaki, na huwezi kuvifunika kwa kupuliza zaidi, vinazidi kutanuka. Hata plastiki mpya kiwandani huachwa na mabaki ya mafuta ya kulainishia kalibu.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki laini uliozeeka. Suuza mara mbili. Viache vikauke kwenye kitambaa kisichoacha manyoya, wala usivianike juu ya jiko. Kuanzia hapo usivishike kwa mikono mitupu: vaa glovu, au ibandike kabini kwa ndani kwenye kipande cha mti ili upate mpini wa kuigeuza. Mimi natumia mpini wa mwiko uliovunjika.

Kama sehemu ya modeli ni ya mbao, mfano sakafu ya tela ya paina za Mafinga, praima peke yake haitaficha nyuzi za mti. Paka sila ya mafundi seremala, ile dawa ya kuziba uso wa mbao, ikikauka piga msasa, rudia hadi ukipapasa usihisi nyuzi. Ndipo uje kwenye praima.

Saa ya kupuliza

Kabini ya pili niliipiga Julai, saa moja jioni, uani. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza na nilikuwa na haraka. Asubuhi niliikuta ina weupe wa chaki, na ukiipapasa ni kama ganda la yai. Sababu yake ni hii: thina inapotoka kwenye laka huondoka na joto, na uso wa plastiki unapoa kuliko hewa iliyouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua kama umande juu ya praima ambayo bado ni mbichi, yanabaki humo kama wingu. Baridi nayo inapunguza nguvu ya gesi ndani ya kopo, kwa hiyo badala ya moshi laini linatema matone.

Kwa hiyo msimu wa baridi mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa limeshaondoa umande. Masika, yaani kuanzia Novemba hadi Aprili, nasubiri siku kavu, hata kama ni wiki nzima. Septemba na Oktoba unyevu si tatizo, tatizo ni upepo na vumbi. Hapo nafanya kama gereji wanavyofanya, namwagia sakafu maji kidogo kabla ya kuanza ili vumbi litulie.

Kopo liweke dakika kumi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto. Usitumie maji yanayochemka, na usilisogeze karibu na moto. Makopo haya hayatakiwi kupita nyuzi 50 za Selisiasi. Likitoka kwenye maji lifute vizuri, kisha litikise dakika mbili kamili huku ukisikiliza ile gololi ya ndani. Isipogonga, chembe bado zimelala chini.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Baridi inapokaza tunaingiza jiko la mkaa ndani. Usipulize praima kwenye chumba chenye jiko, wala chumba cha pili yake kama mlango uko wazi. Moshi wa kopo unawaka, na mvuke wa thina unasambaa chini chini bila wewe kuuona. Pulizia barazani au dirisha wazi pande zote mbili, na uvae barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke unapita.

Kupuliza kwenyewe

Shika kopo sentimita 20 hivi kutoka kwenye modeli, karibu upana wa kiganja kilichotanuliwa kuanzia kidole gumba hadi cha mwisho. Ukisogea sana praima inachuruzika. Ukienda mbali mno matone yanakauka hewani, yanatua kama vumbi na uso unakuwa wa mchanga.

Anza kubonyeza kopo likiwa nje ya modeli, pita juu yake kwa mwendo mmoja, achia ukiwa umeshatoka upande wa pili. Usianzie wala kuishia juu ya kabini, kwa sababu nozeli hutema tone kubwa inapofunguka na inapofungwa. Mkono wa kwanza uwe kama umande: plastiki bado inaonekana kati ya matone. Inataka moyo kuuacha hivyo, kwa sababu macho yanataka kuona kijivu kimejaa. Uache. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Mkono wa pili ujaze nusu iliyobaki, wa tatu ufunike. Anza na pembe, chini ya paa na nyuma ya bampa, halafu malizia na sehemu pana, kwa sababu ukianza na pana utazirudia bila kutaka unapohangaika na pembe, na hapo ndipo unene unapokuja.

Ukimaliza pindua kopo chini juu, bonyeza mpaka itoke gesi tupu. Nozeli itabaki safi.

Modeli ifunike kwa beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja kwa kijiti, hewa ipite na vumbi lisiingie. Laka inakauka kuguswa ndani ya nusu saa, lakini wakati wa baridi mimi naipa saa 24 kabla ya msasa.

Tochi

Zima taa ya chumba. Washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na ubavu wa kabini ili mwanga upite sambamba na uso, kisha sogeza taratibu. Kila kilima kitatupa kivuli. Kwenye kabini yangu ya tatu niliona mstari mmoja kwenye kona ya paa, pale nusu mbili za plastiki zilipoungana, mwembamba kama unywele, ambao mchana sikuwa nimeuona hata kidogo. Nilipitisha kidole, nikauhisi. Upande wa dereva kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya msasa namba 180 niliyoiacha mimi mwenyewe kwa uvivu. Tangu hapo 180 haigusi plastiki yangu, naanzia 400.

Mstari wa muungano uzibe kwa tone la gundi ya supagluu kwenye ncha ya kijiti cha meno, halafu piga msasa ndani ya saa moja, kabla haijawa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni yake. Shimo dogo lizibe kwa puti laini ya magari, ile ya tyubu isiyochanganywa. Kisha msasa wa maji: 400 pale tu penye kasoro, halafu 800, halafu 1000. Weka tone la sabuni kwenye maji, msasa hautajaa uchafu. Kata vipande vidogo na uvizungushie kifutio cha penseli ili ukandamize sawasawa. Kidole kinachimba mabonde. Kwenye pembe kali usipige kabisa, maana pembe ndizo zinazopoteza praima kwanza. PVC na plastiki hazina shida na maji, ila tela lenye mbao lipige kavu.

Pale ulipofika kwenye plastiki, puliza praima tena, mikono miwili ya umande. Rudi na tochi. Kabini ya Scania ilinichukua mizunguko mitatu ya namna hiyo, na mzunguko wa tatu nilikuta doa moja tu, chini ya kioo cha upande wa turnboi.

Tochi isipoonyesha kitu, pitia uso wote kwa msasa wa maji namba 1500, kwa uzito wa mkono wenyewe bila kukandamiza, mpaka kijivu kiwe laini kama kibao kilichosuguliwa. Suuza, acha ikauke, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Rudisha chini ya beseni. Kesho saa nne, ukungu ukishapanda mlimani, fungua kopo la rangi.