Kuja Nyumbani Mwanza Wakati Maombi ya Uraia wa Marekani Hayajakamilika

Familia nyingi za Mwanza zenye ndugu Marekani huamini kwamba mtu akishawasilisha fomu N-400, ambayo ndiyo ya maombi ya uraia, haruhusiwi kutoka nje ya nchi hiyo mpaka aape. Imani hiyo si ya kweli, na wapo waliokosa kuwazika wazazi wao kwa sababu yake. Mwenye kadi ya kijani hubaki kuwa mkazi wa kudumu kwa muda wote anaosubiri, na ruhusa yake ya kutoka na kurudi haipungui kwa sababu tu ameomba uraia. Mambo yanayoharibu maombi ni kukaa nje muda mrefu na kukosa miadi, na yote mawili yanaweza kuzuilika ikiwa msafiri na wenyeji wake wataelewana kabla tiketi haijakatwa.

Tuanze na muda, kwa kuwa ndipo penye hatari kubwa. Sheria ya Marekani inamtaka mwombaji awe ameishi nchini humo mfululizo kwa miaka 5, au miaka 3 ikiwa ana ndoa na raia wa nchi hiyo na wanaishi pamoja. Zaidi ya hapo, anatakiwa awe amekuwapo nchini kwa mwili si chini ya miezi 30 ndani ya miaka hiyo 5, au miezi 18 ndani ya ile 3. Hesabu ya kuwapo kwa mwili hufungwa siku maombi yanapowasilishwa, lakini sharti la mfululizo huendelea mpaka siku ya kiapo, na hilo ndilo wengi wasilolijua. Safari moja inayozidi miezi 6 bila kufika mwaka humfanya mwombaji ahesabiwe kuwa ameukata mfululizo, na hapo ni juu yake kuthibitisha vinginevyo kwa kuonyesha kwamba ajira yake, nyumba aliyopanga, familia yake na kodi alizolipa vimebaki Marekani. Safari ya mwaka mmoja au zaidi huukata mfululizo moja kwa moja. Kibali cha kurejea nchini, kinachoombwa kwa fomu I-131, humsaidia mtu asihesabiwe kuwa ameutelekeza ukazi wake, lakini hakiokoi mfululizo unaohitajika kwa uraia. Anayekitegemea kwa ajili hiyo anajidanganya.

Chukua mfano wa mtu anayeondoka Marekani tarehe 15 Desemba kuja kula Krismasi. Siku ya 180 itamkuta tarehe 13 Juni. Muda huo unaonekana mrefu mpaka baba anapougua Januari, msiba unapotokea Machi, na wazee wanaposema, "Mwanangu, huwezi kuondoka kabla hatujaanua matanga," kisha kikao cha mirathi kinasogezwa mpaka shangazi atoke Geita. Hakuna aliyekusudia kumharibia, ila kalenda haisikilizi udhuru. Ushauri wangu ni kwamba safari isivuke miezi 2 au 3 hata kama sheria inaruhusu zaidi, na tarehe ya kurudi itajwe mbele ya wazee siku ya kwanza, kwa heshima, ili kila kikao kipangwe ndani yake. Vilevile si busara kukaa miezi 5, kurudi Marekani wiki mbili, kisha kuja tena kwa miezi 5, kwa sababu afisa anaweza kuuliza makazi yako hasa yako wapi.

Kuhusu miadi, maombi hupitia alama za vidole, usaili pamoja na mtihani wa Kiingereza na uraia, kisha kiapo. Taarifa za miadi hutumwa kwa posta na pia huonekana katika akaunti ya mwombaji kwenye tovuti ya USCIS, idara inayoshughulikia maombi hayo. Mwachie mtu unayemwamini ufunguo wa sanduku la barua, na ukiwa huku ingia kwenye akaunti yako mara kwa mara. Anayekwenda Ukerewe au visiwa vya mbali asihesabu kwamba mtandao utapatikana kila saa. Ukiona tarehe inayogongana na safari, omba ibadilishwe mapema. Asiyefika kwenye usaili na asitoe sababu ndani ya siku 30 anaweza kufungiwa faili, na anayekosa kiapo zaidi ya mara moja huhesabiwa kuwa ameyaacha maombi yake.

Nyaraka za mkononi ni pasipoti ya Tanzania iliyo hai na kadi ya kijani yenyewe. Tangu tarehe 12 Desemba 2022, barua ya kupokelewa kwa N-400 huongeza uhai wa kadi kwa miezi 24, hivyo mwenye kadi iliyokwisha muda asafiri na barua halisi pamoja na kadi. Pale kaunta ya ndege Dar es Salaam, mhudumu huigeuza kadi, huona tarehe iliyopita na kuita msimamizi. Mpe barua mara moja, ikiwa imekunjuliwa, na kidole chako kikiwa kwenye mstari wa miezi 24. Kadi ikipotea au kuibiwa huku, toa taarifa polisi, kisha fuata utaratibu wa fomu I-131A, ya kuomba hati ya kukuwezesha kupanda ndege ya kurudi, kupitia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Shughuli hiyo haiishi kwa siku moja, kwa hiyo kadi isizunguke nawe sokoni Kirumba.

Anayetoka Nansio alale Mwanza mjini kabla ya siku ya ndege, kwa kuwa ziwa likichafuka meli haimsubiri mtu. Wa Sengerema sasa wamepumua kidogo, kwani daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

Ukirudi, andika tarehe za kutoka na kuingia, kwa sababu afisa wa usaili atataka kujua safari zote ulizofanya baada ya kuwasilisha fomu, na kabla ya kiapo utajaza fomu N-445 inayouliza tena kama umetoka nje baada ya usaili. Kuificha safari ni kosa zito kuliko safari yenyewe.

Jambo la mwisho linahusu kiwanja cha Buswelu au Kisesa. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na anayeapa Marekani kwa hiari yake hupoteza uraia wa Tanzania chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ingawa marekebisho ya karibuni yamefungua mlango kwa wenye asili ya Tanzania waliopewa hadhi maalum. Kwa hiyo safari hii ya kabla ya kiapo ndiyo nafasi ya kukaa na wakili na ndugu kuamua hati itasomeka kwa jina la nani. Siku ya kiapo kadi ya kijani hurudishwa, na cheti cha uraia hakiwezi kutumika kusafiria, hivyo usikate tiketi nyingine kabla pasipoti ya Marekani haijafika mkononi. Ukiwa na pasipoti hiyo, utaingia Tanzania kwa viza, ambayo kwa raia wa Marekani ni dola 100.