SOMO: Kichefuchefu cha meli na basi, na namna ya kukipunguza

Wanaopanda meli ya kwenda Bukoba au Nansio, kisiwani Ukerewe, wanawajua abiria wa aina hii: Mwanza bado inaonekana nyuma, wao wameshaanza kutema mate. Wengi husingizia chakula, lakini chanzo kiko sikioni.

Ndani kabisa ya sikio kuna vimifereji vitatu vyenye majimaji. Ukiyumba, majimaji husogea na ubongo hupata habari kwamba mwili unakwenda. Sasa wewe umeinamia simu: macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunayumba. Ubongo ukipewa habari mbili zinazogombana, tumbo ndilo hulipa. Dereva hachafukwi kirahisi kwa sababu kona anaijua kabla hajaikata.

Hatua ya 1: Wahi kiti. Hii naiamini kuliko dawa yoyote. Melini kaa katikati, maana omo (mbele) na tezi (nyuma) ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Sehemu ya chini huyumba kidogo, ila kama kunanuka dizeli na dagaa, panda juu upate hewa, palepale katikati. Kwenye basi kaa mbele, uione barabara.

Hatua ya 2: Simu mfukoni. Tazama kisiwa au pale maji yanapokutana na mbingu. Meli ya usiku haina cha kutazama, hivyo lala chali, fumba macho.

Hatua ya 3: Kula kidogo, kikavu. Sangara wa kukaanga msubiri ng'ambo.

Hatua ya 4: Dawa kama prometazini au sinarizini humezwa saa moja au mbili kabla ya safari, ukishaanza kutapika umechelewa. Zinaleta usingizi: usiendeshe, usichanganye na pombe. Muulize mfamasia kipimo.

Hatua ya 5: Beba kopo lenye mfuniko. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku 2019, na jirani yako hana kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wa mwaka mmoja hatapiki, dada yake wa miaka saba tukifika Usagara tu, nje kidogo ya Mwanza, ameshaanza. Kwa nini?
Jibu: Marahaba. Walio chini ya miaka 2 hupatwa kwa nadra. Kati ya 2 na 12 ndipo hukolea, kisha wengi hupungukiwa. Huyo mdogo asipewe prometazini kabisa.

Swali: Kunusa ndimu je?
Jibu: Inafunika harufu mbaya, na harufu huchochea kichefuchefu, kwa hiyo nusa. Ugomvi wa macho na sikio ndimu haiuamui.

Swali: Mbona wavuvi hawatapiki?
Jibu: Ubongo huzoea, mara nyingi kwa siku chache za kukaa majini. Akikaa nchi kavu muda mrefu, mazoea hupungua.

Swali: Nina mimba ya miezi minne na nafuata dagaa Ukerewe kila wiki.
Jibu: Pole dada, mimba huzidisha hali hiyo. Anza na kiti na macho. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dawa ya dukani usiguse kabla hujaongea na kliniki yako.