Uchambuzi wa maudhui ya magazeti kwa tasnifu ya uzamili

Wanafunzi wengi wa uzamili katika mawasiliano na vyombo vya habari huchagua uchambuzi wa maudhui, yaani kuhesabu kwa utaratibu kinachoandikwa kwenye habari, kwa sababu unaonekana mwepesi: magazeti yapo, kilichobaki ni kuhesabu. Ugumu hauko kwenye kuhesabu. Uko kwenye kumpa mtu mwingine mwongozo wako, naye akapata majibu yaleyale uliyoyapata wewe.

Anza na swali linalohesabika. "Magazeti yanawachukuliaje wanawake?" halihesabiki. "Kati ya watu wanaonukuliwa katika habari za uchumi, wanawake ni wangapi, na wananukuliwa kama nani?" linahesabika, na tayari limekupa vipengele viwili: jinsia ya mnukuliwa na nafasi yake. Amua papo hapo kama unahesabu habari nzima au kila mnukuliwa. Ukichanganya, majedwali yako hayatakubaliana.

Kwenye sampuli, usichukue siku mfululizo, maana tukio moja kubwa litameza kila kitu. Usichukue pia kila toleo la saba la gazeti la kila siku; utajikuta na Jumatatu tupu. Unda wiki: kusanya Jumatatu zote za mwaka, chagua moja kwa bahati nasibu, kisha Jumanne, hadi siku saba zitimie. Watafiti Riffe, Aust na Lacy walionyesha mwaka 1993 kuwa wiki mbili za aina hii, yaani matoleo 14, zinaweza kuwakilisha mwaka mzima wa gazeti la kila siku. Mada inayotokea kwa nadra itahitaji matoleo mengi zaidi.

Katika mwongozo wa usimbaji, yaani maelekezo ya kuipa kila habari alama ya kila kipengele, kila kipengele kiwe na maana yake, mfano unaoingia, na mfano unaokaribia kuingia lakini hauingii. Huo wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote, na ndio unaorukwa.

Sasa jaribio. Wasimbaji wawili, kila mmoja peke yake, wasimbe asilimia 10 hadi 20 ya sampuli, wasiguse habari zilizotumika kwenye mafunzo. Usiridhike na asilimia ya makubaliano. Chukua habari 100 na swali la ndiyo au hapana: je, kuna mwanamke aliyenukuliwa? Wote wawili wamesema hapana kwa habari 90 na ndiyo kwa 2. Katika 8 wamepishana, nusu kwa nusu. Makubaliano ni asilimia 92, unashangilia. Alfa ya Krippendorff, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati tu, inatoa takriban 0.29. "Hapana" ni nyingi mno, kwa hiyo hata wanaobahatisha wangekubaliana mara nyingi. Penye "ndiyo", unapopataka hasa, wanapishana. Krippendorff, mtunzi wa kipimo hicho, alitaka alfa ya angalau 0.80, na chini ya 0.667 hakuna cha kuhitimisha.

Alfa ikianguka, usiwaketishe wasimbaji wakapatana halafu ukapiga hesabu upya kwa habari zilezile. Huko ni kujidanganya. Tafuta zile 8, soma walipopishana (mara nyingi ni msemaji asiyetajwa jina, au nukuu isiyo ya moja kwa moja), rekebisha mwongozo, kisha jaribu kwa habari mpya. Ripoti alfa ya kila kipengele peke yake, kwani wastani huficha kipengele kibovu nyuma ya tarehe na ukurasa, ambavyo hakuna anayevikosea. Na faili la majibu ya awali, kabla ya mjadala wowote, lihifadhi lilivyo. Mtahini anaweza kuliomba.