Kutoka Mtwara hadi Dodoma kwa treni: usije ukapotelea Magufuli

Sisi wa Mtwara treni tunaifuata Dar, na Dar yenyewe iko kilomita 560 hivi. Nimekwenda Dodoma mara nne tangu mwanangu apate chuo kule, na safari ya kwanza nilikosea karibu kila palipokoseka. Wifi yangu wa Newala alipotaka kwenda kumuona mgonjwa nilimwandikia maelekezo haya, naye alifika salama, kwa hiyo nayaleta na kwako.

Anza na tiketi ya treni, ya basi utaikata baadaye. Tiketi ya SGR, yaani treni mpya ya umeme, unaikata kwenye tovuti ya Shirika la Reli, au unamwomba kijana yeyote wa steshenari akukatie kwa simu. Andaa namba yako ya NIDA na uandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukishachagua siku na kiti unaletewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Safari hizi zilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Kuna treni ya kawaida inayovutwa na kichwa, na kuna ile ya pua ndefu watu wanayoiita Mchongoko, inayokwenda haraka zaidi na kusimama vituo vichache. Mimi ya kawaida inanitosha.

Sasa saa. Hapa soma polepole. Tiketi imeandikwa kwa saa za kizungu. Ukiona 06:00 hiyo ni saa kumi na mbili alfajiri, wala si saa sita mchana. Shemeji yangu mmoja, mtu mzima na akili zake, alifika stesheni saa tano na nusu na kanzu yake imepigwa pasi, anajisifu kwamba kawahi. Treni yake ilikuwa imeshashusha watu Dodoma. Mimi tiketi ikifika tu nachukua kalamu, naandika saa yetu kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Za mchana hesabu yake ni kutoa sita: 14:00 ni saa nane.

Na usikate treni ya siku ileile unayotoka Mtwara na basi la asubuhi. Utaambiwa basi linafika Dar saa tisa, na kweli kuna siku linafika. Lakini kuna kula Nangurukuru, kuna mizani, kuna pancha, kuna abiria aliyeshuka kununua samaki Somanga na hajaonekana. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara huko upande wa Kilwa, watu walilala njiani. Basi linaweza kukungoja dakika tano ukimpigia konda simu. Treni haina konda wa kupigiwa simu. Kwa hiyo ama ulale Dar kwa ndugu, ama upande basi la usiku, maana tangu 2023 yameruhusiwa tena, ufike alfajiri na ushike treni ya mchana. Mimi nalala kwa dada yangu Mbagala. Miguu inavimba nikikaa garini usiku kucha.

(Wazee wetu shida hii hawakuwa nayo. Reli ilikuwepo hapahapa, Waingereza waliijenga kwa mradi wao wa karanga, kutoka bandarini hadi Nachingwea, na tawi la kwenda Masasi. Karanga zilishindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa akisema "gari moshi letu".)

Basi likikaribia Kongowe, kabla ya Mbagala, muulize konda gari inaishia wapi. Ikiishia Mbagala umepata, uko Kilwa Road, barabara moja hadi mjini. Ikiwa inaendelea Mbezi, mimi ningeshuka Mbagala vilevile, maana Mbezi ni upande mwingine kabisa wa jiji.

Na hapo ndipo penye mtego wenyewe. Dar kuna Magufuli mbili. Kuna Stendi ya Magufuli, ya mabasi, iko Mbezi Luis. Halafu kuna Stesheni ya Magufuli, ya SGR, iko mjini. Mimi hilo sikulijua. Safari ya kwanza nilitoka kwa dada na begi mgongoni, nikamwambia bodaboda, "Nipeleke Magufuli." Akasema, "Sawa mama, panda." Tukaingia Barabara ya Mandela. Tukafika Tazara, nikaona jengo kubwa la reli, nikaanza kufungua kofia ya boda nijiandae kushuka. Hakusimama. Buguruni ikapita, nikajipa moyo kwamba wenye mji ndio wanaojua njia. Tulipofika Ubungo nikamgonga bega:

"Mwanangu, stesheni iko huku?"

"Stesheni? Mama, si umesema Magufuli?"

Tukageuza. Nauli nililipa mara mbili, na treni niliikuta kwa kudra za Mungu tu.

Kwa hiyo sema hivi, neno kwa neno: "Stesheni ya SGR, mjini." Usiseme Magufuli, na usiseme "stesheni ya treni" peke yake, maana unaweza kupelekwa Tazara. Tazara ni reli nyingine, ya kwenda Mbeya na Zambia, ina tiketi zake na jengo lake, na Dodoma haifiki. Iko pia stesheni ya zamani ya reli ya kati, lakini hiyo ni jirani na ya SGR, ukishushwa pale hujapotea, unatembea. Jengo la SGR utalijua kwa vioo. Limechongwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite.

Ukitaka kuokoa hela achana na boda. Kutoka Rangi Tatu, hapo Mbagala, panda basi la mwendokasi la kwenda Gerezani, lina njia yake lenyewe, foleni ya Kilwa Road unaitazama dirishani. Ila asubuhi sana watu wanabanana, na mwenye mzigo anasemwa. Gerezani ukishuka, stesheni si mbali. Mikono mitupu unatembea, ukiwa na mizigo chukua bajaji na mpatane kabla hujapakia.

Kuhusu mzigo, kile kiroba chako cha korosho kiache Mtwara. Hamishia kwenye begi lenye zipu na magurudumu. Stesheni ni kama uwanja wa ndege: mzigo unapita kwenye mashine, kisha unapanda nao ghorofani, na kiroba kilichofungwa kwa kamba ya mkonge ukikiburuta kwenye vigae unaacha alama ya korosho nyuma yako. Najua kwa sababu niliziokota. Ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kusini, naichemshia nyumbani, naiacha ipoe kabisa, naifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya nguo. Ukiifunga ya moto inachacha kabla ya Morogoro.

Fika masaa mawili kabla ya treni kuondoka. Shika tiketi na kitambulisho mkononi, usivizike chini ya begi. Ngazi za umeme kama zinakutisha, lifti ipo. Kwenye tiketi kuna namba ya behewa na namba ya kiti, tafuta behewa kwanza ukiwa bado chini, maana kupita ndani na begi ni kukanyaga watu.

Ukishakaa kazi imekwisha. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Upande wa Kilosa yako mahandaki, simu inakata ghafla, usidhani umeishiwa salio. Masaa matatu na nusu, au manne, uko Dodoma.

Dodoma nako stesheni ya SGR si ile ya zamani ya katikati ya mji. Hii imepewa jina la Rais Samia, na anayekupokea mwambie hivyohivyo, SGR, asije akakusubiri kwingine. Mwanangu alinisubiri kwingine.

Kurudi ni rahisi zaidi. Kata treni inayofika Dar mchana, piga simu ofisi ya basi ukiwa bado Dodoma wakushikie kiti cha usiku, na uwaulize swali lilelile: gari linaanzia Mbagala au Mbezi? Wakikujibu "Magufuli", sasa unajua ni ipi.